Ilijengwa Ipite, Haikujengwa Ifike

Hotuba hii ilitolewa Makambako na mhandisi mstaafu wa barabara, mbele ya viongozi wa vijiji na kata, wakulima, wafanyabiashara wa mazao na madereva. Inawekwa hapa yote, kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano, waheshimiwa madiwani, wenyeviti na watendaji wa vijiji, viongozi wa ushirika, ndugu zangu madereva na wasafirishaji, mama zangu na baba zangu mliotoka nyumbani alfajiri ili muwahi kuketi hapa, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha: kamwene!

Nashukuru kwa mwitikio huo mzito. Nimepewa mada inayosema "faida za barabara kuu kwa wananchi wa Nyanda za Juu Kusini". Waandaaji wataniwia radhi, kwa maana sitaizungumza kama ilivyoandikwa. Faida za barabara hii, inayotoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma, mnazijua kuliko mimi: mbolea hufika, mbao za Mafinga huondoka, mgonjwa hufikishwa hospitali ya rufaa Mbeya, na mtoto aliyechaguliwa kusoma mkoa wa mbali hupanda basi asubuhi akalala Dar es Salaam. Hayo hayahitaji mhandisi mstaafu aje kuyatangaza. Mimi nimekuja na swali moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: barabara hii inapita kwetu, lakini je, inafika kwetu?

Kupita ni jambo moja, kufika ni jambo jingine. Ukitaka kuona tofauti yake, huhitaji kwenda mbali na ukumbi huu. Hapa Makambako barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara ya Mbeya na Tunduma. Hapa hapa reli ya TAZARA, ambayo iliachana na barabara kule Dar es Salaam ikapita mabonde ya Kilombero na kupanda mahandaki ya Mlimba, inakutana nayo tena. Ni wachache nchini waliokaa mahali penye njia nyingi kiasi hiki. Hata hivyo, nikiuliza ni wangapi kati yenu ambao masika iliyopita mlishindwa kutoa mazao shambani kwa sababu gari halikuweza kupanda, nadhani mikono itakuwa mingi. Haya, inyoosheni. Mnaona wenyewe. Watu tunaoishi kwenye njia panda ya reli na lami, na mazao yameozea shambani!

Hali hii haikuja kwa bahati mbaya, na ili tuielewe inabidi nianze na swali ambalo watu wengi hawajiulizi: barabara hii ilijengwa kwa ajili ya nani?

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, iliyoongozwa na Ian Smith, ilijitangazia uhuru wake yenyewe ili kuzuia utawala wa Waafrika walio wengi. Jirani yake Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu kupata uhuru wake. Karibu shaba yote ya Zambia ilikuwa ikipita kusini kwa reli ya Rhodesia, na mafuta yake yalikuwa yakija kwa njia hiyo hiyo. Kufumba na kufumbua, nchi changa ikajikuta mlango wake wa kutokea umeshikwa na adui yake. Wakati ule mafuta yalibebwa hata kwa ndege. Lakini ndege haziwezi kuendesha nchi, na macho yote yakageukia njia hii yetu ya udongo, kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, hadi Tunduma.

Wazee waliokuwepo wanaikumbuka. Malori yalipanda yakiwa na mapipa ya mafuta, yakarudi yakiwa na shaba. Kiangazi ilikuwa vumbi la kuwashia taa mchana. Masika ilikuwa tope la kunasa siku mbili, tatu, wiki. Pale Kitonga, ambako leo dereva analalamika kwa sababu amekaa nyuma ya lori kwa nusu saa, wakati ule kulikuwa na magari yaliyoishia korongoni na hayakutolewa. Madereva waliotoka ng'ambo waliipa barabara hii jina la Njia ya Jehanamu, na sidhani kama walitia chumvi.

Kisha mambo yakaenda haraka ajabu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lililolazwa na Waitaliano, lilikuwa tayari, urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mpaka leo kuna mahali pale Inyala panaitwa Pipeline kwa sababu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikatiwa lami, kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na wengine. Mwaka 1970 Wachina wakaanza rasmi kujenga reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na kufikia mwaka 1975 ilikuwa imekamilika. Fikirini jambo hilo. Mataifa yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho la uadui duniani kote yalikuwa yakijenga sambamba katika milima yetu, huyu akimwaga lami, huyu akitandika mataruma. Ni nadra sana vijiji vya wakulima wa ulezi na mahindi kugombaniwa na wakubwa wa dunia kiasi hicho, bila wenyewe kuulizwa chochote.

Naomba nieleweke vizuri. Sisemi kwamba kazi ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa kazi ya heshima, kazi ya kumsaidia jirani aliyebanwa, na Tanzania ililipa gharama kubwa kwa kusimama upande wa haki. Ninachosema ni kwamba mchoro wa barabara hii ulikuwa na shabaha moja, nayo ni kuutoa mzigo bandarini na kuufikisha mpakani kwa njia fupi na nyepesi iwezekanavyo. Shabaha haikuwa viazi vyako. Shabaha haikuwa chai ya Lupembe, wala mpunga wa Usangu, wala maharage ya Mbozi. Ilijengwa ipite, haikujengwa ifike.

Itazameni yenyewe. Inapofika Iringa, mji uko juu ya mlima na barabara inapita chini, Ipogolo. Njombe iko pembeni. Tukuyu iko pembeni. Makete, Chunya, Ileje, Ludewa, zote ziko pembeni. Mchora ramani alifuata tambarare na miinuko inayovumilika, na alifanya sawa, kwa sababu lori la shaba halina haja ya kusalimia watu njiani. Baadaye serikali zetu zimeongeza matawi ya lami, kwenda Songea, kwenda Kyela, kwenda Chunya, kwenda Makete, kwenda Sumbawanga, na kutoka Iringa kwenda Dodoma, na kila tawi limebadilisha maisha ya watu. Lakini hata hayo ni matawi makubwa. Mkulima haishi kwenye tawi kubwa. Mkulima anaishi kwenye kile kijinjia kinachotoka kwenye tawi, kikavuka mto mdogo, kikapanda kilima, kikapotelea kwenye migomba au kwenye miti ya mbao.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kwa muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo umaskini wetu unapotengenezwa.

Kuna mama mmoja ninayemfahamu, mkulima wa viazi katika kijiji cha milimani kisicho mbali na hapa. Sitamtaja jina, na kijiji chake nakiacha, kwa maana kila mmoja wenu atadhani nazungumzia kijiji chake na atakuwa sahihi. Kutoka shambani kwake hadi kwenye lami ni mwendo ambao kijana mwenye pikipiki anaumaliza kabla hujamaliza kikombe cha chai, wakati wa kiangazi. Viazi, hata hivyo, havina adabu ya kusubiri kiangazi. Vinakomaa mvua ikiwa bado inanyesha. Mama huyu humpigia simu mfanyabiashara, na mfanyabiashara humjibu kwa upole kabisa: mama, gari langu haliwezi kuvuka pale kwenye kalavati, lileteni zao barabarani tuzungumze.

Basi anakodi bodaboda. Gunia moja moja, safari moja moja, na kila safari ina bei yake, na bei hiyo hupanda kadiri tope linavyozidi. Hilo ni tozo la kwanza. Mzigo ukishafika kwenye lami, mfanyabiashara anadai lumbesa, gunia lililoshonewa kichwa juu hadi likawa kama lina mimba, ingawa mnajua wote kwamba sheria ya vipimo haimruhusu mtu kufungasha zaidi ya kilo 100. Hilo ni tozo la pili. Kisha anataja bei, na bei ile ni ya chini kuliko aliyoitaja kwenye simu. Kwa nini asiishushe? Anaona kabisa kwamba mvua inakuja, bodaboda wameshaondoka, na viazi havirudi nyumbani. Hilo ni tozo la tatu, na ndilo kubwa kuliko yote, na halina risiti.

Kila mwaka tunasikia kampeni dhidi ya lumbesa. Wanasimamishwa wafanyabiashara, wanatozwa faini, na mimi naziunga mkono kampeni hizo. Lakini nawaambia kwa uzoefu wangu wa kazi kwamba lumbesa haianzii sokoni Mabibo wala Mwanjelwa. Inaanzia kwenye kalavati lililovunjika. Mkulima ambaye gari tatu za wanunuzi tofauti zinaweza kufika mlangoni pake, kilo zake atazipima mwenyewe na hakuna atakayemshonea kichwa cha gunia. Mkulima ambaye hakuna gari linaloweza kumfikia, hata ukimwekea askari kila mti, atauza lumbesa kwa hiari yake, tena atamshukuru mnunuzi.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa nazungumza kama fundi. Barabara ya udongo ya kijiji haiharibiki yote. Haiharibiki hata nusu. Ukiitembea kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho utakuta inaharibika mahali patatu, panne, labda patano: pale penye chemchemi inayotoka ubavuni, pale penye mteremko ambapo maji yamekosa mtaro yakaamua kutumia njia ya gari, na pale penye kalavati dogo kuliko mto. Kwingine kote gari linapita hata mwezi wa Machi. Ukiziba mahali hapo panne, umefungua barabara nzima. Adui wa barabara ni maji. Matairi huja nyuma yake. Maji yakikaa juu yake, udongo unalainika, tairi linamalizia kazi ambayo maji yalikwisha kuianza.

Kwa hiyo kijiji chenye akili hakiombi lami. Nimesema, na narudia: hakiombi lami. Kinaomba mitaro, kinaomba makalavati yenye upana wa kutosha, na kinaomba kifusi cha changarawe pale panapoteleza. Kwa gharama ya kilomita moja ya lami unaweza kutengeneza sehemu korofi za vijiji vingi. Najua kwa nini hatuombi hivyo. Lami inaonekana, lami inapigiwa makofi kwenye kampeni, lakini tangu nianze kazi hii sijamwona kiongozi hata mmoja akikata utepe wa mtaro.

Fedha nazo zina njia yake, na ni vizuri muijue. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na tangu mwaka 2017 za wilaya, za vijiji na za mitaa ziko chini ya TARURA. Mwaka 2021 Bunge liliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, mahususi kwa barabara hizi za chini. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kijana wa bodaboda anayembebea mama yule gunia lake amekwisha kuchangia kalavati lile kila anapojaza tangi. Si hisani mnayoiomba. Ni fedha yenu mnayoidai, na anayedai huenda na orodha mkononi, haendi na manung'uniko.

Nimesema vya kutosha kuhusu njia ndogo. Turudi kwenye kubwa, kwa sababu nayo inaumwa, na madereva wananitazama kwa wasiwasi wakijua ninachotaka kusema. Ndiyo, ndugu zangu, nataka kusema habari ya mizani, ile inayopima uzito wa malori.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika jimbo la Illinois kule Marekani, wataalamu walijenga vipande vya barabara vilivyozunguka kama uwanja wa riadha, kila kimoja kikiwa na unene wake wa lami na kokoto. Wakaleta wanajeshi wa kuendesha malori. Kila njia ilipangiwa uzito wake, na malori yale yakazunguka, yakazunguka, usiku na mchana, kwa muda wa miaka miwili, huku watu wakipima nyufa na mabonde. Kazi ya kuchosha kupita kiasi, na nafikiri wanajeshi wale walitamani wapelekwe popote pengine. Lakini jibu lililopatikana linaongoza wahandisi mpaka leo: uharibifu wa barabara haukui sawasawa na uzito wa ekseli, yaani ule mhimili unaoshika matairi. Unakua kwa kipeo cha nne, yaani kiasi uzito ulivyoongezeka kinaandikwa mara nne na kuzidishwa chenyewe kwa chenyewe.

Kwa wale walioacha hesabu darasani, nitafafanua. Kisheria, chini ya sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari zima halipaswi kuzidi tani 56, na ekseli moja yenye matairi manne haipaswi kuzidi tani 10. Tuseme mmiliki mmoja anaona tani mbili si kitu, anapakia ekseli yake tani 12. Ameongeza moja ya tano. Je, barabara imeumia kwa moja ya tano zaidi? Hapana. Imeumia mara mbili. Akipakia tani 13, inakaribia mara tatu. Akipakia mara mbili ya ruhusa, ni mara 16. Na kwa hesabu hiyo hiyo, ekseli moja ya tani 10 inaikanyaga lami sawa na ekseli 160,000 za gari dogo lenye nusu tani kwa kila ekseli. Kwa hiyo mwalimu anayekwenda kazini na gari lake dogo haharibu kitu. Barabara hii inaliwa na malori mazito, hasa yanayozidisha, na fidia inalipwa na wote.

Mahali panapoumia zaidi ni kwenye miinuko, kwa sababu lori lenye mzigo hupanda taratibu, uzito ukakaa juu ya lami kwa muda mrefu, jua likiwa limeilainisha. Ndiyo maana mnaona zile alama mbili ndefu za matairi zilizodidimia kama mifereji, na mvua ikinyesha maji hukaa mle, na gari dogo likiingia huyumba.

Lakini nilichokuwa nikitaka kuwaeleza viongozi wa vijiji kuhusu uzito ni kingine, nacho hakitajwi kwenye semina. Lori linalokwepa mizani halipotei hewani. Linakwenda wapi? Linaacha lami kabla ya mizani, usiku, linaingia kwenye barabara ya kijiji, linazunguka na kutokea mbele. Na kalavati la barabara ya kijiji halikusanifiwa kwa tani 56. Linapasuka. Asubuhi watu wanaamka, wanalaumu mvua, wanamlaumu mkandarasi, wanailaumu serikali ya kijiji. Mama wa viazi hajui kwamba kalavati lake limevunjwa na mzigo ambao hata haukuwa wa wilaya hii. Nyakati nyingine kijana wa kijiji hicho hicho ndiye aliyelipwa soda na nauli ili aonyeshe njia.

Mtaniuliza, je, mizigo yote hii lazima ipite juu ya lami? Hapana, na hapa naona unafuu kidogo. Bomba la TAZAMA, ambalo kwa miaka mingi lilibeba mafuta ghafi, tangu mwaka 2023 linasafirisha dizeli, na kila lita iliyomo bombani haimo kwenye tanki linaloteremka Mbalizi. Reli ya TAZARA ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na kwa muda mrefu imebeba sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, huku shaba na mbolea, mizigo iliyozaliwa kupanda treni, ikihamia kwenye malori. Mwezi Septemba 2024, kule Beijing, marais wa Tanzania na Zambia walishuhudia pamoja na mwenzao wa China kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua. Nitaamini nikiyaona mabehewa yakipita hapa Makambako mfululizo, lakini kama mhandisi wa barabara naiombea reli ile kuliko wanavyoiombea watu wa reli.

Lipo jambo ambalo siwezi kuondoka bila kuligusa, ingawa ni zito, nalo ni vifo. Mwezi Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilitaja shimo lililokuwa kwenye lami. Shimo moja. Nikisikia mtu akisema kwamba mashimo ni kero, huwa nakosa amani na neno hilo, kwa maana kero ni mbu.

Miteremko yetu mnaijua kwa majina: Kitonga, Inyala, Iwambi, Senjele. Kila jina hapo lina misiba yake. Dereva mgeni anayetoka nchi tambarare anafika juu ya Inyala akiwa amechoka, analiachia gari litelemke huku akikanyaga breki mfululizo, breki zinapata moto, zinakataa, na mbele yake kuna daladala na kuna wanafunzi wanavuka. Kanuni ya wazee wa kazi ilikuwa moja na haijapitwa na wakati: teremka kwa gia ile ambayo ungeipandia mlima huo huo. Tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi, kanuni hiyo inahitajika mara mbili. Pale Mbeya upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, utapunguza msongamano, na naupongeza. Lakini njia nne hazimfundishi mtu kutumia gia. Njia nne zinampa nafasi ya kukimbia zaidi.

Na ninyi mama zangu mnaouza pembezoni, nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, viazi na njegere za huku kwetu, sitawagombeza. Wataalamu wengi huja kuwaambia mnavunja sheria, na ni kweli kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Lakini mama anayepanga ndoo za nyanya hatua mbili kutoka kwenye lami anafanya hivyo kwa sababu hapo ndipo basi linaposimama. Si mjinga. Anakaa mahali pekee ambapo barabara hii, iliyojengwa ipite, hukubali kusimama kidogo. Ukimwondoa bila kumpa mahali pa gari kuegesha kwa usalama, kesho atarudi, na mimi ningekuwa yeye ningerudi pia. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao zina wajibu wa kutenga maegesho mapana, nje ya njia ya magari, yenye banda, choo na maji, kisha ndipo zimwambie mama huyo ahame. Soko lijengwe kwanza, amri ifuate. Huko tunakotoka tumezoea kuanza na amri.

Viongozi wa vijiji, muda wenu wa kuandaa mipango ya mwaka ujao hauko mbali. Ombi langu kwenu ni dogo na linawezekana. Kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, chagueni watu wachache, wazee kwa vijana, na lazima wawemo wanawake, kwa sababu wao ndio wanaobeba mizigo kichwani na wanajua kila jiwe linaloteleza. Waitembee barabara yenu kwa miguu, mvua ikiwa inanyesha. Mkiitembea kiangazi mtarudi mkisema barabara ni nzuri. Waandike kila mahali panapozuia gari, kwa jina ambalo kijiji kinalijua, na waandike maji yanatoka wapi na yanataka kwenda wapi. Orodha hiyo isizidi ukurasa mmoja. Ipelekeni TARURA wilayani, nakala kwa diwani, na nakala ibaki ukutani kwenye ofisi ya kijiji, ili mwakani kila mtu aone kilichofanyika na kisichofanyika. Mhandisi wa wilaya ana barabara nyingi na gari moja, pengine halina mafuta. Anayemletea orodha ya sehemu nne anamrahisishia kazi. Anayemletea ombi la lami ya kilomita 20 anampa sababu ya kutojibu.

Na mkisikia lori kubwa linapita kijijini saa nane usiku, msigeuke upande wa pili mkaendelea kulala. Mwenye simu aandike namba ya gari. Kalavati ni lenu.

Nimemaliza niliyokuwa nayo. Mwenyekiti ameniambia kwamba maswali yataanza kwa akina mama, kwa kuwa wengi wao wana safari ndefu na mawingu yale hayana dalili ya kutuhurumia. Baada yao nitawaomba madereva, na hasa wale wanaozifahamu vizuri njia za kuizunguka mizani. Msiogope, hakuna askari humu ndani, nimeangalia. Nataka tu mnitajie njia hizo moja baada ya nyingine, ili wenyeviti wa vijiji husika waandike.